Ukimtoa mgonjwa damu kwa ajili ya utafiti wako, majibu ni haki yake au ni hisani?

Wadau habari za jioni, kuna jambo linanikereketa naomba tulijadili bila matusi.

Kwenye vyuo vyetu vya udaktari, iwe MUHAS, KCMC Moshi au Bugando, daktari anayesomea ubingwa lazima afanye utafiti na aandike tasnifu ndo amalize. Sipingi kabisa, bila hivyo mabingwa tutawapata wapi. Lakini data zinatoka kwa wagonjwa walewale waliokaa kwenye benchi toka alfajiri, wanatoa damu, wanajibu dodoso refu, kitabu kinaandikwa Kiingereza kinaenda maktaba, daktari anavaa joho na mgonjwa ndo basi tena.

Mwaka juzi nilimpeleka mama kliniki ya sukari kwenye hospitali moja ya kufundishia, sitaji jina. Akaja daktari kijana, mpole kweli, shikamoo mama, akamsomea fomu ya ridhaa, utafiti wa figo kwa wenye kisukari. Mama akaweka dole gumba maana miwani aliisahau nyumbani. Wakachukua vichupa viwili vya damu, kimoja kifuniko chekundu kingine zambarau, na kikopo cha mkojo, akaambiwa ndani ya wiki mbili tutakupigia mama. Hakupigiwa. Nikapiga mimi ile namba ya kwenye fomu, haipatikani. Miezi nane baadae miguu imevimba, tukapima kwingine kwa hela yetu, protini kwenye mkojo iko juu na figo zimeshaanza kuchoka. Sasa kile kikopo cha kwanza kilionyesha nini? Mpaka leo sijui na hiyo ndo inaniuma, maana kama ilionekana siku ile angeanzishiwa dawa mapema.

Najua wapo watakaosema mwanafunzi anajigharamia vipimo mwenyewe, kweli, wengi wanajilipia na nawaonea huruma. Ila simu moja kwa mwenye majibu mabaya sio gharama ya kumshinda mtu. Wengine watasema utafiti sio matibabu na sampuli zina namba hazina majina. Sawa, lakini orodha ya kuunganisha namba na jina si anayo mtafiti? Na Azimio la Helsinki, lile la maadili ya utafiti wa tiba la tangu 1964, toleo la 2013, na hata la 2024, linataka washiriki wapewe nafasi ya kujulishwa hata matokeo ya jumla, sembuse kipimo cha mwili wake mwenyewe.

Mi naona mwanafunzi asiruhusiwe kutetea tasnifu mpaka aonyeshe kwamba majibu yenye shida yameingizwa kwenye mafaili ya wagonjwa, na ukurasa mmoja wa Kiswahili umebandikwa pale kliniki alipochukulia data.

Madaktari mlioko masomoni sasa hivi, msimamizi wako amewahi kukuuliza majibu ya wagonjwa umeyapeleka wapi? Na nyie mliowahi kushiriki, kuna aliyepigiwa simu?