Nyumba bila ardhi Majengo: ninunue au tuendelee kupanga?

Assalaam aleikum ndugu zangu,

Naomba ushauri. Mama na wanangu wawili wanakaa nyumba ya kupanga Kisauni, kodi 14,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba ashawaambia itapanda. Nimejiwekea 900,000. Dalali amemletea mama nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita huko Majengo kwa 1,600,000, nyumba bila ardhi. Zilizobaki nitakopa. Mkataba wangu hapa Doha unaisha mwakani, na nimechoka kulipa kodi isiyoisha. Nifanyeje?

*

Wa aleikum salaam mdogo wangu,

Usitoe hata arubuni kabla hujasoma haya.

Mimi nilinunua nyumba kama hiyo mwaka 2013 nikiwa Dammam. Sisi tuliokulia Mombasa twaijua nyumba bila ardhi: kuta zako, kiwanja cha mwengine, na kila mwezi unampelekea kodi ya ardhi. Wazee wetu waliishi hivyo kwa amani kwa kuwa mwenye kiwanja alikuwa jirani, mnaswali msikiti mmoja. Sasa wengi wao wamefariki, na warithi wanapiga hesabu ya ghorofa ngapi zitasimama pale ulipo wewe.

Mamangu alikuwa akipeleka 800 kila tarehe tano, na risiti akizitia katika mfuko wa nailoni chini ya godoro. Mwaka wa nne mwenye ardhi akafariki. Mwezi uliofuata mama akaenda na pesa zake, akaambiwa arudi nazo. Akaenda tena, akarudishwa. Miezi sita walikataa kupokea, kisha ikaja barua ya wakili kuwa hatujalipa kodi ya ardhi kwa miezi sita, tubomoe tuondoke. Nilijaribu kuiweka nyumba rehani nipate pesa za kesi, benki haikuitaka kwa sababu sina hati ya ardhi. Nyumba niliyoinunua 1,100,000 nikawauzia warithi haohao kwa 350,000. Mama alizihifadhi zile risiti mpaka leo, na kila nikiziona naumia upya.

Si kila mwenye ardhi yuko hivyo. Lakini wewe una akiba moja tu, na mkataba unaisha mwakani. Kodi ya 14,000 ni 168,000 kwa mwaka. Hiyo 900,000 yako, hata usipopata kazi nyengine, inawaweka mama na watoto chini ya paa zaidi ya miaka mitano. Ukiinunua ile nyumba, akiba imekwisha, deni la 700,000 limeanza, na mshahara huna. Kodi ikikulemea unahamia nyumba ndogo. Deni halihamishiki.

Usidhani napenda kupanga. Mama alihamishwa mara tatu, na mara ya tatu tulimpata chumba ambacho bomba lake halikutoa maji wiki nzima, akawa ananunua madumu ya mkokoteni. Mwenye nyumba akitaka kupandisha, muombe mama aandikishiane naye mkataba wa miaka miwili, kodi ikiwa imetajwa. Wengi hukubali wakimjua mpangaji halipi kwa kusukumwa.

Mkopo wa nyumba wa benki nao uutazame vizuri. Ukikopa 3,000,000 kwa riba ya asilimia 14 kwa miaka 20, unalipa kama 37,300 kila mwezi, na mwisho umerudisha karibu 9,000,000. Kama unaogopa riba kwa dini, ipo murabaha: benki inanunua kisha inakuuzia kwa bei yenye faida mliyokubaliana, na bei hiyo haipandi katikati. Lakini awamu ni awamu, zinataka mshahara kila mwezi.

Ningekuwa wewe ningetafuta kiwanja kidogo chenye hati yake, hata kama ni mbali, upande wa Mtwapa au kule Kwale, na nisijenge mpaka kazi itulie. Usiridhike na nakala ya hati iliyopigwa picha kwa simu. Jina likaguliwe kwenye rejista ya ardhi, mpima aende mwenyewe akaone mawe ya mipaka, na wakili awe wako, asiwe wa muuzaji. Weka kando ushuru wa stempu, asilimia 4 ya bei kwa ardhi ya mji. Kiwanja cha 800,000 kina 32,000 ya serikali ambayo dalali hataitaja.

Na mama asiende peke yake kwa dalali. Watu wazima wetu wanaona haya kukataa wakishanyweshwa chai.

Mimi nitakuwa Mombasa mwezi wa nane. Ukipata kiwanja, nitumie nambari yake, nitaipeleka mwenyewe afisi ya ardhi. Kwa sasa mpigie mama umwambie amjibu dalali kuwa hamnunui.

Dadako, Muscat