Acheni kumwandikia kwotabeki ushindi wa watu 53, nimechoka!

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo nasema. Kila msimu wa NFL (ligi ya mpira wa Kimarekani) ukikolea, watu wale wale wanarudi na swali lile lile: "Kwotabeki wako (yule mrushaji wa pasi anayeongoza ushambuliaji) ana ushindi mara ngapi? Ana pete ngapi za ubingwa?" Unamweleza mtu kitu alichokifanya mchezaji kwa mikono yake, yeye anakujibu kwa idadi ya mechi ambazo timu nzima ya watu 53 imeshinda. Juzi tena kazini (nipo Ohio, ghala la mizigo, Waswahili tuko sita zamu moja) jamaa ananiambia Joe Burrow, kwotabeki wa Cincinnati Bengals, "hajui kushinda". Tulibishana mpaka ugali wangu ukapoa na kengele ikalia sijala.

Haya, tumtazame huyo asiyejua kushinda. Msimu wa 2024 aliongoza ligi nzima kwa yadi za pasi, 4,918, na kwa tachidauni za pasi (kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani), 43. Bengals wakamaliza 9-8, yaani ushindi 9 na vipigo 8, hata mtoano hawakuingia.

Chukueni mechi moja tu, Oktoba 6, 2024, nyumbani Cincinnati, dhidi ya Baltimore Ravens. Burrow alirusha tachidauni tano. Mwishoni mwa robo ya nne pasi yake moja ikanaswa na wapinzani, Ravens wakasawazisha kwa shuti la kupitisha mpira kati ya milingoti. Kosa hilo ni lake na ninamhesabia. Lakini angalieni kilichofuata. Muda wa nyongeza, Ravens wanaanza, mpira unawaponyoka, Bengals wanaudaka upande wa wapinzani, yadi 38. Hapo una kwotabeki aliyetoka kurusha tachidauni tano. Benchi linaamuru nini? Kukimbia na mpira mara tatu, yadi tatu tu zikapatikana. Anaingia mpigaji kujaribu shuti la yadi 53. Anayemwekea mpira anaukosea kuuweka, shuti linakwenda pembeni. Kisha Derrick Henry, mkimbiaji wa Ravens, anapasua ukuta, anakimbia yadi 51, Ravens wanapiga shuti lao, 41-38. Kwenye vitabu vya watu wa pete hiyo ni "Burrow kapoteza". Alikosea wapi kwenye muda wa nyongeza? Niambieni!

Sisemi kwotabeki si kitu. Yeye ndiye anayegusa mpira karibu kila mchezo wa ushambuliaji, ndiye anayesoma ulinzi na kubadilisha mpango pale mstarini. Colts walikuwa 10-6 mwaka 2010 wakiwa na kwotabeki Peyton Manning. Mwaka uliofuata alikosa msimu mzima kwa jeraha la shingo, wakaanguka hadi 2-14. Hakuna nafasi nyingine uwanjani ambayo ningeitaja mbele yake. Ninachokataa ni kumpa yote. Timu inaposhambuliwa kwotabeki amekaa benchi na kofia yake mapajani. Shuti hapigi yeye. Wala hawazuii wale mabaunsa wanaokuja kumwangusha.

Manning huyo huyo, msimu wa 2015 akiwa Broncos, alirusha tachidauni 9 na kunaswa mara 17, msimu mbovu kabisa wa mtu wa hadhi yake. Pete akapata! Super Bowl (fainali ya NFL) ile ya 2016 waliwashinda Panthers 24-10, yeye akirusha yadi 141 tu. Tuzo ya mchezaji bora wa fainali ilikwenda kwa Von Miller, mtu wa ulinzi, na kwa haki. Halafu Tom Brady, kwotabeki wa Patriots, Februari 2018, alirusha yadi 505 kwenye fainali, akashindwa na Eagles 41-33. Kwa hesabu zenu, Manning wa yadi 141 alicheza vizuri kuliko Brady wa yadi 505?

Hata Mahomes, kwotabeki wa Chiefs, mnayemtumia kama fimbo. Februari 2025, fainali ya New Orleans, watu wanne wa mbele wa Eagles walitosha kumsumbua usiku kucha; aliangushwa mara sita, Chiefs wakalala 40-22. Ndiye yule yule mwenye pete tatu. Ukuta wake, wale wanaomkinga, ndio uliobomoka.

Kinachoniuma zaidi ni Josh Allen, kwotabeki wa Buffalo Bills. Januari 23, 2022, mtoano, Kansas City kwa Chiefs, alirusha tachidauni nne, ya mwisho ikawapa Bills uongozi wa 36-33 zikiwa zimebaki sekunde 13. Sekunde 13! Ulinzi ukaachia pasi mbili, Chiefs wakasawazisha kwa shuti la yadi 49. Sarafu ikarushwa kuamua nani aanze na mpira muda wa nyongeza, ikawaangukia Chiefs, wakafunga tachidauni, na kwa sheria ya wakati ule mechi imekwisha 42-36. Allen hakuugusa mpira tena. Ligi yenyewe iliona dhuluma ile, mwaka huo huo ikabadilisha sheria ya muda wa nyongeza kwenye mtoano, kila timu iupate mpira. Nyinyi mpaka leo mnamwandikia kushindwa.

Kwa hiyo atakayekuja hapa na pete zake, kwanza anijibu: zile sekunde 13, Allen alikuwa amesimama wapi?