Karavati la mtaani limekatika: nianze kwa mwenyekiti, diwani au meya?

Mtoto wa Kilosa:
Wakuu, salaam. Nimehamia Dar, manispaa mojawapo huku. Masika yamekata karavati la mtaa wetu, bodaboda zote zinazunguka. Kijijini tulikuwa na mwenyekiti wa kitongoji, juu yake wa kijiji, basi. Hapa naambiwa mtendaji, diwani, mkurugenzi, meya, DC (mkuu wa wilaya). Jirani ananituma kwa mjumbe wa nyumba kumi! Mwenye fungu hasa nani?

Mtendaji Mstaafu:
Mdogo wangu, mjumbe muache apumzike. Yule ni wa shina la CCM, si wa serikali, ingawa wazee bado wanampelekea kesi za kuku.

Nimezeekea ofisi za mitaa. Cha kuangalia ni nani kachaguliwa na nani kaajiriwa. Mwenyekiti wa mtaa alipigiwa kura Novemba 2024: muhuri anao, hela hana. Mtendaji wa mtaa ni mwajiriwa. Kwenye kata ni hivyohivyo: diwani wa kura, mtendaji wa kata wa ajira. Juu kabisa madiwani wanamchagua meya miongoni mwao, lakini mkurugenzi anateuliwa na Rais, na ndiye afisa masuuli, yaani anayewajibika kwa fedha za manispaa. Meya anavaa joho na mkufu, anaongoza baraza. Kumfukuza mkurugenzi hawezi. DC ni wa serikali kuu, huyo mwache.

Sasa karavati. Barabara za mitaa tangu 2017 ziko TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, kwa hiyo ukienda kugombana na injinia wa manispaa unapoteza nauli. Mwombe mwenyekiti aitishe mkutano wa mtaa, hoja iingie kwenye muhtasari, mahudhurio yaambatanishwe na sahihi za watu. Mtendaji aupeleke kamati ya maendeleo ya kata, ambako diwani ndiye mwenyekiti. Nakala moja iende TARURA wilaya. Diwani ukimpigia simu tu atakujibu "tunalifanyia kazi". Ukimpa muhtasari, ana cha kusimama nacho barazani.

Dada wa Mbagala:
Na picha mpige, kabla maji hayajakauka. Halafu msingoje Juni. Mwaka wa fedha unaanza Julai, bajeti inakuwa imeshafungwa zamani.

Mtoto wa Kilosa:
Shukrani mzee, shukrani dada. Swali la mwisho: huyu meya wa Jiji la Dar es Salaam ndiye bosi wa meya wetu?

Mtendaji Mstaafu:
Hapana. Zamani kulikuwa na jiji lililokaa juu ya manispaa zote. Magufuli alilivunja Februari 2021, Ilala ikapandishwa hadhi ikawa ndiyo Jiji. Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni kila moja ina meya wake na mkurugenzi wake. Kama huishi Ilala, meya wa jiji hana amri hata ya kuzibua mtaro wako.