Naomba ushauri: judo bila mashindano, vijana nawashikaje?
Habarini wakuu, niko Moshi, jioni nafundisha judo vijana 9, mwenyewe mashindano nimeacha sababu ya goti. Ninachokipenda ni kile alichosisitiza Jigoro Kano, yule aliyeanzisha Kodokan, shule ya judo, 1882, kutumia nguvu vizuri na kunufaika wote wawili, yaani unamwangusha mwenzio huku umemshika mkono wa nguo asiumie, mi hiyo naiona kubwa kuliko medali kwa kweli. Sasa vijana kila siku wanauliza tunashindana lini, wawili washaacha. Nimejaribu kuwafundisha kata (zile mbinu za kufanya kwa mpangilio maalum) na kuanguka salama ila wanachoka haraka. Wazoefu wa huku na Arusha, mnafanyaje wasiotaka kushindana wabaki? Na wa miaka 14 randori (kupambana kwa mazoezi) mara ngapi kwa wiki inatosha?