Naombeni ushauri: nafundisha Kiingereza Japani, mkataba unaisha Machi. Nibaki, niende Muscat au nirudi nyumbani?

Mwalimu wa Akita (mleta mada)

Wakuu, habari za humu. Naombeni mawazo yenu, hasa mliowahi kuishi Japani na mlioko Ghuba.

Mimi ni Mtanzania, mwanamke, nina shahada ya ualimu. Nilisoma shule za Kiingereza tangu darasa la kwanza. Nalitaja hilo kwa sababu Uhamiaji wa Japani humtaka mwalimu wa lugha ya kigeni awe amesoma kwa lugha hiyo miaka 12 au zaidi, na Watanzania wengi waliosoma msingi kwa Kiswahili hukwama hapo.

Niko mkoa wa Akita, kaskazini, upande wa Bahari ya Japani. Mwajiri wangu ni bodi ya elimu ya mji, cheo ni mwalimu msaidizi. Nazunguka shule za msingi kadhaa na sekondari moja. Tangu 2020 Kiingereza ni somo kamili kwa darasa la tano na la sita, na la tatu na la nne wana vipindi vya kuwazoesha lugha, kwa hiyo siku nzima niko darasani. Watoto nawapenda kwa kweli. Tunapiga deki pamoja mchana, tunakula chakula cha shule meza moja, na wakati wa theluji wananifundisha kutembea bila kuteleza. Akita ndio mkoa wenye sehemu kubwa zaidi ya wazee katika nchi nzima, shule zinaunganishwa kwa kukosa watoto. Kila mwaka naona darasa limepungua.

Huu ni mwaka wangu wa nne na bodi wanataka jibu kabla ya mwaka mpya kama naendelea. Moyo unaniambia muda wa kusogea umefika. Kazi ya msaidizi haina ngazi ya kupanda. Mwenye darasa ni mwalimu wa Kijapani, mimi natamka maneno, naandaa michezo, nasahihisha. Nataka darasa langu, watoto wafaulu au wafeli mikononi mwangu. Halafu kuna yen. Nilipoanza kufuatilia habari za huku, mwaka 2021, dola moja ilikuwa kama yen 110. Julai 2024 ilipita 160. Mshahara wangu ni uleule, lakini ninachomtumia mama Morogoro kimepungua uzito.

Kuna shule binafsi Muscat wamenifanyia usaili na wameonyesha nia. Kuna rafiki anasema nibaki Japani nitafute kazi ya ofisini. Na kuna sauti ya mama inayosema rudi. Kijapani changu ni N3, ngazi ya kati ya mtihani wa Kijapani (N1 ndiyo ya juu kabisa). Nina pia gari dogo la cc 660, nawaza kulisafirisha. Mngekuwa mimi mngefanyaje, na nini nisisahau kabla ya kuondoka?

Nipo Nagoya

Dada yangu, hongera kwa kuvumilia theluji ya Akita. Mimi nilianza kufundisha kama wewe, sasa niko kampuni inayouza magari yaliyotumika nje ya nchi. Kampuni hizi zinahitaji watu wa Kiswahili, wateja wa Dar na Mombasa ni wengi mno na wanataka mtu wa kuongea naye kwa lugha yao. Mshahara hauna tofauti kubwa na wa ualimu mwanzoni ila unapanda.

Angalia mambo mawili. Visa yako ya sasa bila shaka ni ya ualimu wa shule, haikuruhusu kazi ya kampuni, itabidi ubadilishe hadhi ya ukaazi kwenda ile ya wataalamu wa masuala ya kibinadamu na huduma za kimataifa. Na ukiacha kazi una siku 14 za kuwajulisha Uhamiaji. Ukikaa miezi mitatu bila kufanya shughuli iliyokupa visa, bila sababu ya maana, wanaweza kukufutia. Kwa hiyo usiache kwanza ndipo utafute. Na ufanye N2 Desemba kama ulijisajili. N3 inakusaidia dukani, N2 inakusaidia kwenye usaili.

Kijana wa Mbeya

Kwa nini usiende Korea Kusini? Nasikia walimu wa Kiingereza wanalipwa vizuri na wanapewa nyumba.

Nipo Nagoya

Mkuu, Korea kwa visa ya ualimu wa Kiingereza wanachukua raia wa nchi saba tu: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Pasipoti ya Tanzania haimo hata uwe na shahada tatu. Mleta mada asipoteze ada ya maombi huko.

Bi Mkubwa Muscat

Mwanangu, karibu Oman. Mimi asili yangu Unguja, niko huku miaka mingi na nimefundisha shule binafsi mpaka nikastaafu. Utakuta watu wa kuongea nao Kiswahili sokoni, hospitalini na hata kwa jirani, hilo peke yake litakupunguzia upweke ambao nadhani Akita umeujua vizuri. Mshahara kwa sasa haukatwi kodi ya mapato. Wiki inaisha Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi mapumziko.

Lakini nikuulize kama mama. Hao waliokusaili wamekupa mkataba ulioandikwa? Nia si mkataba. Soma nani analipa nyumba, nani analipa tiketi, na unafundisha nini hasa. Shule nyingine zikiona mtu alikuwa mwalimu msaidizi zinamweka tena kuwa msaidizi, na wewe unakimbia usaidizi. Waulize waziwazi: nitakuwa na darasa langu? Wakizungukazunguka, umepata jibu.

Vyeti uanze navyo sasa hivi. Cheti cha Tanzania lazima kipite Wizara ya Mambo ya Nje kisha ubalozi wa Oman, na ukiwa Japani utahitaji mtu Dar wa kukufuatilia. Usiviache hadi Februari. Na jua kwamba mwaka wa shule huku unaanza mwishoni mwa Agosti au Septemba, wako unaisha Machi. Hiyo miezi ya katikati utakula nini? Mimi ningekwenda kukaa na mama Morogoro, lakini ingia na akiba.

Kodi na Pensheni

Naona watu wanajadili aende wapi, hakuna aliyegusa fedha za kuondokea, na hapo ndipo wenzetu wengi wanaumia. Nimeishi huko miaka sita na nimewasaidia kadhaa, kwa hiyo niwie radhi kwa urefu.

Kwanza kodi ya wakazi, ile juminzei. Inatozwa kwa mapato ya mwaka uliopita, na anayedaiwa ni yule aliyekuwa mkazi tarehe 1 Januari. Ndiyo maana mwaka wako wa kwanza hukukatwa, ukaanza kukatwa Juni ya mwaka wa pili. Sasa ukiondoka Machi, mwajiri atakata kwenye mshahara wa mwisho sehemu yote iliyobaki hadi Mei. Utaona mshahara umenyauka, usishtuke. Halafu Juni bili mpya itatoka ya mapato ya mwaka uliopita, nawe utakuwa Morogoro. Deni hilo ni lako hata kama huna tena anwani Japani. Kabla ya kuondoka nenda ofisi ya mji, waulize makadirio, uache fedha na mtu wa kulipa kwa niaba yako, au ulipe mapema wakikubali. Kwa kukisia ni kama asilimia 10 ya mapato yanayotozwa kodi baada ya makato, si pesa ya kupuuza.

Anayeondoka kabla ya tarehe 31 Desemba hadaiwi juminzei ya mapato ya mwaka huo. Wapo wanaokatisha mkataba kwa ajili hiyo. Mimi sikushauri. Ungewaacha watoto katikati ya mwaka na kuharibu barua ya utambulisho utakayoihitaji Muscat.

Sasa habari njema, pensheni. Ukiwa umechangia miezi 6 au zaidi na hujafika miaka 10, ukiondoka unaweza kudai malipo ya mkupuo. Muda wa kudai ni miaka miwili tangu uhame. Tangu Aprili 2021 wanahesabu hadi miezi 60, zamani ilikuwa 36. Ukimaliza Machi utakuwa na miezi 48, na kizidishi chake ni 4.4 cha wastani wa mshahara unaohesabiwa. Tuseme wastani huo ni yen 240,000: unapata yen 1,056,000. Wanakata kodi ya asilimia 20.42, yaani kama yen 215,600, kisha zinazobaki zinatumwa benki yako nje ya Japani, akaunti iwe kwa jina lako.

Hiyo kodi inarudishwa ukiomba, lakini lazima uwe umeteua msimamizi wa kodi, wanamwita nozei kanrinin, mtu yeyote unayemwamini anayeishi Japani. Unajaza fomu ofisi ya kodi ya eneo lako kabla ya kuondoka. Pensheni wakishakulipa watakutumia hati ya malipo, unampelekea msimamizi halisi yake, yeye anadai, fedha zinaingia akaunti yake. Wengi hawalijui hili na wanaziacha.

Onyo moja. Ukichukua mkupuo, ile miaka minne inafutika kwenye rekodi yako. Tangu Agosti 2017 mtu anahitaji miaka 10 tu kupata pensheni ya uzeeni ya Japani, zamani 25. Kama una ndoto ya kurudi Japani, fikiri kabla ya kudai. Tanzania haina mkataba na Japani wa kuunganisha michango, wala Oman haina. Kama hurudi, dai.

Mwalimu wa Akita (mleta mada)

Nimesoma mara mbili. Asanteni sana, na Bi Mkubwa shikamoo. Nimewaandikia shule leo kuuliza kuhusu darasa langu mwenyewe na kuomba rasimu ya mkataba. Kodi na Pensheni, hiyo bili ya Juni sikuwa naijua kabisa, nimeshaanza kuiwekea fedha pembeni. Msimamizi nitamwomba mwalimu mmoja wa hapa anayenichukulia kama binti yake. Kuhusu gari bado sijapata jibu.

Fundi wa Tabata

Mwalimu, gari hilo liuze hukohuko. Cc 660 huku tunaijua kwa kirikuu tu, vile vigari vidogo vya mizigo, na spea za kirikuu zinapatikana kwa sababu ziko nyingi. Gari lingine la ukubwa huo likikufa sensa utalipaki. Ni kweli anayehamia nyumbani moja kwa moja anaweza kuomba msamaha wa ushuru kwa gari moja alilolimiliki na kulitumia nje kwa miezi 12 au zaidi, lakini wewe unapita tu kwenda Oman, si kuhamia. Ukilipa ushuru kamili, na likiwa limezeeka TRA wakaongeza tozo ya uchakavu, utajuta. Liuze kabla ya Aprili mosi, maana kodi ya gari ya mwaka inamfuata aliyeandikwa mwenye gari siku hiyo.

Nilirudi

Mimi nilikuwa mkoa wa Shimane, nikarudi Dar. Nakubaliana na Kodi na Pensheni kwa karibu yote, ila nataka uongeze mawili.

Cheti cha polisi. Shule za Ghuba karibu zote zitakidai kutoka nchi uliyoishi mwisho. Japani unakiomba makao makuu ya polisi ya mkoa, kwako ni mjini Akita, unachukuliwa alama za vidole, na lazima uonyeshe karatasi ya anayekidai. Kwa hiyo barua ya shule ya Muscat ifike kabla ya Machi. Bahasha wanakupa imefungwa, usiifungue, ukiifungua haina kazi. Ukishatoka nchini kukipata ni mlolongo mrefu wa kupitia ubalozi.

La pili, Kiswahili chako pia ni kazi. Watu wa JICA, shirika la misaada la serikali ya Japani, wanaopelekwa kujitolea Tanzania wanafundishwa Kiswahili kwanza katika vituo vya mafunzo hukohuko Japani. Chuo Kikuu cha Osaka kina shahada ya Kiswahili. Nafasi ni chache, lakini wewe ni mwalimu mwenye shahada na unajua mwanafunzi wa Kijapani anakosea wapi. Kabla hujafunga mlango, tuma barua.

Kurudi nyumbani sitakudanganya, kulikuwa kugumu. Usaili wa kwanza nilioitwa walitaka kujua nimefundisha mtaala gani na kwa matokeo gani, sikuwa na karatasi ya kuonyesha. Omba shule zako zote barua zinazoeleza ulifanya nini, madarasa yapi, vipindi vingapi kwa wiki, kwa Kiingereza, zenye muhuri. Piga picha mipango ya vipindi uliyoandaa. Hiyo ndiyo itakayokutoa kwenye usaidizi.

Mwalimu wa Akita (mleta mada)

Kaka, hilo la barua nimelichukua. Ninaloogopa kuliko fedha ni kuwaambia watoto. Darasa la sita walioanza na mimi wakiwa la tatu.

Nilirudi

Hutawaambia peke yako, mwalimu. Unajua walimu wa huko huhamishwa kila baada ya miaka michache na majina yanatoka gazetini mwishoni mwa Machi. Watoto wamezoea kuaga walimu, shule inafanya sherehe maalumu ya wanaoondoka, wewe utapanda jukwaani pamoja na wengine. Usitangaze kabla mwalimu mkuu hajakuruhusu. Andaa maneno machache ya Kijapani, mengine sema kwa Kiingereza walichojifunza kwako, ili waone kwamba wanakuelewa. Hao wa la sita wanakwenda sekondari Aprili, kwa hiyo mnaondoka shule pamoja. Mwambie kila mmoja kitu alichokiweza. Mimi nilifanya hivyo na bado wananiandikia.

Mwalimu wa Akita (mleta mada)

Shule ya Muscat wamejibu: darasa langu mwenyewe, la nne, na rasimu ya mkataba imekuja. Nimewaandikia bodi kwamba siongezi mwaka. Swali la mwisho: taarifa ya kuhama nchi natoa lini, na dai la pensheni nalituma kabla au baada ya kuruka?

Kodi na Pensheni

Hongera mwalimu. Taarifa ya kuhama unaitoa ofisi ya mji, wanapokea kuanzia kama siku 14 kabla ya safari. Usiiruke, bila hiyo pensheni watakuona bado mkazi. Siku hiyohiyo teua msimamizi wa juminzei hapo ofisi ya mji, kisha nenda ofisi ya kodi na fomu ya msimamizi wa ile asilimia 20.42, ni fomu mbili tofauti kwa ofisi mbili. Dai la pensheni tuma kwa posta ukishatoka, pamoja na nakala ya pasipoti, namba yako ya pensheni na uthibitisho wa akaunti kutoka benki. Kadi ya ukaazi waachie Uhamiaji uwanja wa ndege, na kwenye fomu ya kuondokea usiweke alama kwamba utarudi.