Mtoto mwenye ulemavu: asome shule ya mtaani au apelekwe bweni?

Mkazi wa Njiro: Shule yetu inaongezewa madarasa mawili. Kikao cha wazazi kimegawanyika: tujenge mteremko na choo cha watoto wenye ulemavu, au hela iende kwenye madawati na hao watoto wapelekwe shule maalumu? Mimi nasema bweni. Mwereni pale Moshi wanapokea wasioona miaka mingi na walimu wao wapo. Hapa kwetu watakalishwa nyuma tu. Na tuseme ukweli, wazazi wengi wenyewe wanawaficha ndani.

Mama wa Sombetini: Nani anaficha? Mwanangu hatembei. Nilipompeleka kuandikishwa, mwalimu alimtazama miguu, jina hakuuliza. "Mama, mrudishe kwanza, tutakupigia." Simu hiyo naingoja mpaka leo. Sasa nimwanike wapi ndiyo mjue sijamficha?

Fundi Majengo: Tuache machungu, tuzungumze ujenzi. Mteremko si kumwaga zege mlangoni. Kipimo ni moja kwa kumi na mbili: sakafu ikiinuka sentimita 45, unataka mita 5.4. Kuna shule nimekuta wa mita moja na nusu, mtoto akishuka na kiti mwendo anaacha meno pale. Choo nacho mlango mwembamba, kiti hakipiti. Ukichora tangu msingi gharama haikuumizi, inauma ukija kubomoa.

Kijana wa Pasua: "Tuache machungu" unamwambia mama wa watu? Wewe umelea mtoto mlemavu?

Fundi Majengo: Mdogo wangu ni kiziwi, alisoma bweni. Akirudi likizo hakuna nyumbani anayejua lugha ya alama. Anakula, anatazama midomo yetu, anaenda kulala. Mama anamkaribisha chai kama mgeni. Usinifundishe machungu, dogo.

Mwalimu wa Tengeru: Mama, pole, lakini usitubebeshe walimu wote. Chuo cha Patandi kipo hapa hapa kinafundisha walimu wa elimu maalumu, ila mimi sikupitia huko na darasani nina watoto zaidi ya themanini. Mwenye uoni hafifu namkalisha mbele, maandishi naandika makubwa, basi. Nipeni msaidizi kwanza ndipo mnihukumu.

Mama wa Sombetini: Mwalimu, sijakutaja. Jina lake mtoto mngemuuliza tu, hilo halitaki msaidizi.

Mkazi wa Njiro: Jamani, wanaoficha wapo, sifuti. Na ile sheria ya 2008 mnayoitegemea haijengi choo.

Kijana wa Pasua: Ni ya 2010, mzee. Sheria ya Watu wenye Ulemavu, na inampa haki ya kusoma pamoja na wenzake. Choo mnajenga nyie mnaokaa vikaoni. Mmesahau na nauli: ada tulifutiwa, lakini bajaji ya kumpeleka na kumrudisha kila siku mama huyu analipa mwenyewe.

Mama wa Sombetini: Bajaji nitahangaika nayo. Mlango usinifungie.

Fundi Majengo: Mkazi, msingi umeshamwagwa? Kikao kinachofuata lini? Nakuja na mchoro, silipishi.

Mkazi wa Njiro: Bado wanachimba. Jumamosi saa nne. Njoo, lakini hela ya madawati sitaki iguswe.

Mama wa Sombetini: Nami nakuja, na mtoto.