Enguerrand VII wa Coucy: alikuwa mtu wa mfalme yupi, na kwa nini nyumba yake ilizimika?

Mwalimu wa Kadutu

Wapendwa, nawasalimu wote kutoka Bukavu. Ninafundisha historia katika sekondari, na wiki ijayo nitawaeleza wanafunzi ukabaila wa Ulaya. Nimeamua nisiwakaririshe maneno matupu juu ya mabwana na watwana, bali niwape maisha ya mtu mmoja: Enguerrand VII, bwana wa Coucy, kaskazini mwa Ufaransa, aliyezaliwa karibu mwaka 1340 na kufa mwaka 1397. Huyu ndiye ambaye ukoo wake ulijivunia usemi kwamba bwana wa Coucy si mfalme, si mwana wa mfalme, si duke wala konte, bali ni bwana wa Coucy, basi.

Mambo mawili yananisumbua. La kwanza, alimwoa Isabella, binti wa Edward III mfalme wa Uingereza, ilhali falme hizo mbili zilikuwa maadui tangu mwaka 1337. Je, mtu huwezaje kuwa mkwe upande ule na askari upande huu? La pili, hakuacha mwana wa kiume wa ndoa, na miaka mitatu baada ya kifo chake ardhi ya Coucy ikauzwa. Wanafunzi wangu wengi ni Bashi, watu wa huku Kivu, nao hawataniachia swali hilo: iliuzwa na nani, na kwa haki gani?

Msomaji wa Nguba

Mwalimu, asante kwa kuchagua mtu badala ya nadharia. Nitajibu swali lako la kwanza.

Wanafunzi wako wanaijua kalinzi, desturi ya Bashi ya kupata ardhi. Mtu akimpelekea mwami, yaani mtawala wa jadi, ng'ombe wa kalinzi, hupata shamba ambalo watoto wake watalirithi, naye huwa mtu wa mwami. Huko Ufaransa kabaila alipiga magoti, akaweka mikono yake miwili kati ya mikono ya bwana wake, akaapa, na toka siku ile akaitwa mtu wake. Tofauti kubwa ni kwamba kabaila mmoja aliweza kuwa mtu wa mabwana wawili au zaidi, kwa kila kipande cha ardhi alichopewa, na mabwana hao wakianza kupigana yeye hubaki katikati.

Hayo ndiyo yaliyompata Coucy. Mfalme Jean II wa Ufaransa alikamatwa na Waingereza huko Poitiers mwaka 1356, na ili aachiliwe iliahidiwa fidia ya ekyu za dhahabu milioni 3. Mwaka 1360 makabaila wakubwa walipelekwa Uingereza kuwa dhamana ya malipo hayo, na Enguerrand, kijana wa miaka kama ishirini, alikuwa mmoja wao. Alikaa huko miaka mitano, na tarehe 27 Julai 1365 akamwoa Isabella katika ngome ya Windsor. Edward akamfungua bila kudai fidia yoyote na mwaka uliofuata akamfanya konte wa Bedford. Kwa hiyo aliyekwenda kama dhamana alirudi nyumbani akiwa mkwe wa mfalme na mwenye ardhi pande zote mbili za bahari.

Vita vilipoanza upya mwaka 1369 hakumpiga baba mkwe wake wala hakumpiga mfalme wake. Aliondoka, akaenda Italia kupigana kwa ajili ya Papa. Mimi sioni woga katika uamuzi huo, kwani kiapo kilikuwa kitu kizito kwake, naye alikuwa na viapo viwili. Edward alifariki mwezi Juni 1377, na Agosti ya mwaka huohuo Coucy alimwandikia mfalme mpya, Richard II, akirudisha ardhi na heshima zote alizopewa Uingereza. Alingoja baba mkwe wake azikwe kwanza.

Mama wa Panzi

Ndugu Msomaji, umesimulia vizuri, lakini umempita Isabella kwa haraka. Alikuwa na miaka 33 alipoolewa, mume akiwa na 25 hivi. Mwaka 1351 alikuwa amekwisha kuposwa kwa kabaila wa Gascogne, merikebu zikatayarishwa, naye akakataa kwenda wakati safari imewadia. Huyu hakuwa mtu wa kusukumwa.

Walizaa mabinti wawili, Marie mwaka 1366 na Philippa mwaka 1367. Baba alipochagua Ufaransa, mama alirudi kwao Uingereza pamoja na Philippa, na Marie akabaki upande wa baba. Mwalimu, ninakuomba uwaonyeshe watoto jambo hili kabla ya vita vyote: ile barua ya 1377 iliweka mpaka kati ya dada wawili wa tumbo moja. Hapa kwetu, tunaoishi karibu na mto Ruzizi, mpakani na Rwanda, na kuwa na shangazi ng'ambo, hakuna atakayehitaji maelezo marefu.

Philippa aliolewa na Robert de Vere, konte wa Oxford, kipenzi cha Richard II. Mwaka 1387 mume huyo alimwacha ili amchukue Agnes, mmoja wa wanawake waliomtumikia malkia. Mama mzazi wa Robert alimkasirikia mwanawe kiasi cha kumlaani, akasimama upande wa mkwewe. Mama mkwe wa namna hiyo anastahili kutajwa darasani.

Mzee wa Nyawera

Wanangu, mimi nitajibu habari ya urithi.

Huko kwao mahari ilikwenda kinyume cha kwetu: hayakuwa mali ya kijana kwenda kwa wazazi wa msichana, bali msichana ndiye aliyetoka kwao na mali, mara nyingi ardhi. Mama yake Enguerrand, Catherine, alikuwa binti wa nyumba ya watawala wa Austria. Alifariki mwaka 1349, wakati wa tauni kuu, na mwanawe alidai kwamba ardhi ya mama yake upande wa Alsace na Uswisi ya leo ilizuiwa na wajomba. Mwaka 1375 alikusanya askari wa kukodiwa waliokuwa wakizurura bila vita, akawaongoza kwenda kuidai. Leopold wa Austria alichoma mashamba ili wasipate chakula, baridi ikawakuta, na mwezi Desemba watu wa Bern, huko Uswisi, wakawapiga usiku huko Fraubrunnen. Kwa haki ya mama yake, watu ambao hawakumkosea lolote walipoteza nyumba zao na ghala zao.

Sasa Coucy yenyewe. Wengi hudhani kwamba wanawake wa Ufaransa hawakurithi kitu. Waliondolewa katika taji la mfalme, kwa maamuzi ya miaka ya 1316 na 1328, lakini ardhi ya kabaila iliweza kushikwa na binti pasipo na mwana wa kiume. Enguerrand alioa tena mwaka 1386, safari hii Isabelle wa Lorraine, akapata binti wa tatu. Alikuwa pia na mwana wa kiume wa nje, Perceval, ambaye hakuweza kushika ubwana huo.

Kisha vikaja vita vya Nicopolis, kando ya mto Danube, tarehe 25 Septemba 1396. Makabaila wa Ufaransa waliwashambulia Waturuki wa sultani Bayezid bila kuwangoja wenzao Wahungaria, wakashindwa vibaya. Enguerrand, ambaye alikuwa ameshauri subira, alichukuliwa mateka hadi Bursa, mji wa Waturuki, akafia huko tarehe 18 Februari 1397. Mume wa Marie, Henri wa Bar, alinusurika vitani lakini akafa mwaka huohuo akiwa njiani kurudi.

Hebu mtazameni Marie wakati huo: amempoteza baba na mume katika mwaka mmoja, analea watoto, na mama wa kambo anadai nusu ya urithi. Ndugu wa mfalme, Louis wa Orléans, alimsogelea, na mwezi Novemba 1400 Marie akamwuzia Coucy kwa livre 400,000, fedha za Ufaransa. Alifariki mwaka 1405, kesi ya mama wa kambo ikiwa bado mahakamani. Mwanawe Robert aliuawa katika vita vya Azincourt mwaka 1415.

Mwalimu wa Kadutu

Mzee wangu, Mama, na wewe Ndugu, nashukuru sana. Nilikuwa nimechora ubaoni mti wa ukoo wenye jina la Enguerrand juu na jina la Marie peke yake chini. Nitaufuta. Nitaanza na Catherine, mama yake, nishuke hadi kwa mabinti wote watatu, na Perceval nimwandike pembeni.

Nitaongeza jambo moja mlilolipita, kwa kuwa somo langu linahusu pia watwana. Mwezi Agosti 1368 Enguerrand alitoa hati ya kuwaweka huru watu wa vijiji 22 vya Coucy, ambao hapo awali hawakuweza kurithishana mali wala kuoana na wa nje bila ruhusa yake. Hati hiyo inasema wazi kwamba watu walikuwa wakihama ili kuukimbia utumwa huo, na uhuru waliopewa waliulipia kila mwaka. Ninataka wanafunzi waisome hati hiyo siku ileile watakayosoma habari ya Marie, kisha nitawauliza nani kati ya hao alikuwa na haki ya kuamua juu ya urithi wake.

Mama wa Panzi

Vema, Mwalimu. Utuletee majibu yao hapa.